Mkono wa Pili

Mtu apandaye matatu ya nambari 46 katikati ya mji wa Nairobi, akapita Hurlingham na Yaya, asishuke mpaka mwisho wa safari, hujikuta Kawangware, mahali ambapo nambari ya gari imegeuka kuwa jina la mtaa. Wenyeji husema "Kawangware 46", na kila mtu akaelewa. Hapo pana wauza mboga, mafundi wa viatu, vinyozi, wachoma mahindi, na vibanda vya mawakala wa kutuma fedha kwa simu. Jioni, wakati watu warudipo kazini, kila kibanda huwa na taa yake, na kwa mbali mtu angedhani kwamba kuna sikukuu.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo, nilikuwa nimesimama hapo kituoni taa zote zilipozimika kwa mara moja. Hapo kwanza hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa stima kupotea si jambo geni kwetu; watu walicheka, wakamlaumu transfoma wa mtaa, wakawasha tochi za simu. Lakini tulipoinua macho kutazama upande wa Lavington, ambako nyumba ni kubwa na taa ni nyingi, tuliona kwamba huko nako ni giza tupu. Punde si punde tukasikia jenereta zikinguruma huko ng'ambo, taa zikarudi moja moja. Upande wetu giza likabaki pale pale.

Karibu nami alikuwapo mama mmoja, jirani yangu, amembeba mtoto aliyebanwa na kifua. Mtoto yule alikuwa akivuta pumzi kwa shida, na kila pumzi ilitoa sauti kama mluzi. Mama hakuwa na nauli wala fedha za dawa. Mumewe, ambaye alikuwa akifanya kazi ya ulinzi Mombasa, alikuwa ameahidi kumtumia. Huko Mombasa nako, tulisikia baadaye, kulikuwa giza vile vile. Tukangoja. Kisha simu ya mama ikalia mkononi mwake, ujumbe ukaingia, na wakala akahesabu noti kwa mwanga wa tochi. Mama akapanda pikipiki na mwanawe, wakaenda zao. Habari za mtoto yule nitazimaliza mwishoni.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani gizani, nilijiuliza swali ambalo ndilo lililozaa insha hii. Fedha zile hazikusafiri kwa basi. Ziliandikwa katika daftari moja kubwa, na daftari hilo si la karatasi, bali ni kompyuta. Kompyuta isiyo na umeme ni sanduku la chuma tu. Basi, ilikuwaje daftari likae wazi hali nchi nzima imezimika?

Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva. Haina kioo cha kutazamia wala mtu aketiye mbele yake. Kazi yake ni kukaa macho mchana na usiku, kuwajibu wengine waulizao. Seva nyingi hupangwa kabatini, na makabati mengi huwekwa katika jengo moja liitwalo kituo cha data. Seva huhitaji vitu viwili kama mwili wa mtu uhitajivyo chakula na pumzi: umeme usiokatika, na ubaridi usiokoma. La kwanza kila mtu analijua. La pili husahauliwa upesi, nalo ni la lazima vile vile, kwa sababu karibu umeme wote uingiao katika kompyuta hutoka kwa sura ya joto. Kabati moja la seva laweza kutoa joto kama majiko kadhaa ya umeme yaliyowashwa pamoja. Ukizima feni katika chumba kilichojaa makabati hayo, joto hupanda kwa dakika chache tu, na mashine hujizima zenyewe zisije zikaungua.

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Walimwonya mtu mwenye tamaa. Lakini wahandisi wa seva wameisoma methali hiyo kwa namna nyingine. Wao husema: kwa kuwa moja haina budi kuponyoka, shika mbili. Historia ya jambo hilo katika nchi zetu ni ndefu kuliko historia ya kompyuta, na yafaa tuianze mwanzoni.

Kampuni ya umeme ya Kenya, ikisimulia asili yake, huanzia Unguja. Husema kwamba mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata jenereta ya kutia taa katika jumba lake na njia zilizo karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Esmailjee Jeevanjee aliinunua mashine hiyo, na ikaundwa kampuni ya kuwauzia watu wa Mombasa umeme. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa ruhusa ya peke yake ya kuupa mji wa Nairobi umeme. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa, ikazaliwa kampuni ya East African Power and Lighting, iliyodumu kwa jina hilo mpaka mwaka 1983, ilipoitwa Kenya Power and Lighting.

Tazama jinsi mambo yalivyokuwa siku hizo. Jumba moja, mashine moja. Mji mmoja, kampuni moja. Mashine ilipougua, taa zilizimika, watu wakarudi kwenye kandili, wala hakuna aliyepata hasara kubwa, kwa kuwa umeme ulikuwa pambo. Mtu haweki akiba ya pambo. Akiba huanza kufikiriwa siku ile pambo linapogeuka kuwa tegemeo.

Siku hiyo ilikuja polepole. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, na umeme wa mto Naili ukaanza kutumika Uganda, kisha ukaletwa Kenya kwa nyaya ndefu. Baada ya Uhuru, Kenya ilijenga mabwawa yake katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Ilikuwa kazi kubwa yenye sifa. Lakini mabwawa hayo yote matano yalikunywa maji ya mto mmoja, na mto ule ulingojea mvua ile ile. Machoni yalikuwa matano. Kwa hakika yalikuwa moja. Mwaka 2000, ukame ulipokaza, maji yalipungua mabwawani, na nchi ikalazimika kugawa umeme kwa zamu. Viwanda vikasimama saa nyingi, na wanafunzi wakasoma kwa koroboi. Bahati njema ni kwamba huko Olkaria, katika Bonde la Ufa, mvuke wa ardhini ulikuwa umeanza kutoa umeme tangu mwaka 1981. Na mvuke hauijui mvua. Baada ya ukame ule Kenya ilizidi kuchimba mvuke, hata leo ndio utoao sehemu kubwa kuliko zote ya umeme wake. Hapo nchi ilijifunza somo la kwanza: akiba ya kweli ni ile isiyoogopa adui yule yule.

Ndugu zetu wa Unguja walijifunza somo hilo kwa uchungu zaidi. Tangu mwaka 1980 kisiwa kile kilipata umeme kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa muda wa wiki nne hivi. Mwezi wa Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Kwa miezi mitatu pampu za maji zilisimama katika mitaa mingi, watu wakachota visimani. Wenye hoteli waliwasha jenereta, na maskini wakawasha mishumaa. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya mkubwa zaidi, wa megawati 100. Kisiwa ambacho Sultani wake alitangulia Afrika Mashariki nzima kuwasha taa ya umeme kilikaa gizani robo ya mwaka, si kwa kukosa umeme, bali kwa kukosa njia ya pili ya kuuleta.

Wala haihitaji dhoruba kubwa kuangusha nchi iliyoegemea nguzo chache. Tarehe 7 Juni 2016 kima mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na mitambo ikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea mara moja. Vituo vingine, vikijaribu kuubeba mzigo ule wa ghafula, vikashindwa kimoja baada ya kingine, mithili ya watu wavutao kamba: mmoja akiteleza, wote huvutwa chini. Kenya nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Kima mwenyewe alipona.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mashine maarufu iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilikuwa na valvu za kioo karibu 18,000, nayo ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Joto lake lilikuwa kubwa hata ikabidi iwekewe feni za nguvu za kuipulizia hewa. Kwa hiyo kompyuta na mashine ya kuipoza walizaliwa kama mapacha. Afrika Mashariki haikuchelewa sana: Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta mwaka 1965, ijapokuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi.

Miaka ilipita, na mwezi wa Machi 2007 ikaanzishwa M-Pesa nchini Kenya. Watu waliokuwa wakituma fedha nyumbani kwa kumkabidhi dereva wa basi sasa walizituma kwa simu. Lakini jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba daftari la fedha hizo halikuwa Kenya. Seva zake zilikuwa Ujerumani. Mtu aliyesimama Kawangware akimtumia shilingi mia mbili mwenzake aliyesimama Kibera, safari ya miguu isiyozidi saa mbili, habari ya shilingi zile ilivuka bahari na nchi mpaka Ulaya, ikaandikwa huko, ndipo ikarudi. Mambo yalikaa hivyo hata mwezi wa Aprili 2015, seva zilipohamishiwa Kenya. Wakati huo Nairobi ilikuwa tayari na vituo vya data vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Kimoja kilichojulikana sana, East Africa Data Centre, kilifunguliwa mwaka 2013.

Uhamisho ule ulikuwa fahari, lakini fahari hiyo ilikuja na deni. Daftari lilipokuwa Ujerumani, lilikula umeme wa Ujerumani. Lilipoletwa nyumbani, liliingia katika nchi ambayo kima mmoja, mwaka mmoja tu baadaye, aliweza kuizima. Basi waliolileta hawakuwa na budi kujenga, ndani ya nchi yenye umeme wa kukatika, nyumba ambayo umeme wake haukatiki. Hufanywaje?

Kwanza, umeme wa nje hupita katika betri nyingi kabla ya kuifikia seva. Mitambo hiyo ya betri huitwa na mafundi UPS, na ndugu yake mdogo mmemwona chini ya meza katika vyumba vya kompyuta mitaani, akilia "pii, pii" stima inapopotea. Betri hazikusudiwi kufanya kazi usiku kucha. Kazi yake ni kujaza pengo la dakika chache tu. Jenereta ya dizeli huhitaji sekunde kumi, ishirini au zaidi ili iamke na kubeba mzigo, na seva haiwezi kuvumilia hata sekunde moja. Betri humshika mkono mgonjwa mpaka daktari afike. Na daktari ni jenereta, pamoja na tangi la mafuta la kutosha saa nyingi au hata siku kadhaa.

Pili, kila kitu huwekwa zaidi ya kinavyohitajiwa. Ikiwa chumba chahitaji mashine nne za kupoza hewa, huwekwa tano, ili moja ikiugua zibaki nne. Hiyo ni kanuni ya "mahitaji na moja zaidi". Wenye fedha nyingi huweka nane, katika makundi mawili yasiyoshirikiana waya wala bomba. Hiyo ni kanuni ya "maradufu". Taasisi ya Uptime ya Marekani huvipanga vituo vya data katika madaraja manne kwa kuangalia mambo hayo. Katika daraja la tatu, kila chombo chaweza kutolewa kikatengenezwe bila ya kuzima seva, na muda wa kuzimika hukadiriwa kuwa kama saa 1.6 tu katika mwaka mzima.

Tatu, uwili huo huingia mpaka ndani ya seva yenyewe. Ukiigeuza nyuma utaona vifaa viwili vya kupokea umeme, ambavyo mafundi huviita pawa saplai, kila kimoja na waya wake. Kimoja kikifa, fundi hukichomoa na kutia kipya, na seva haijui kwamba jambo limetukia. Ndani yake mna safu ya feni ndogo. Moja ikisimama, zilizobaki huongeza mbio kufidia.

Hapa ipo hesabu ambayo kila mwanafunzi yampasa kuielewa. Chukua gunia la mahindi la kilo 90, libebwe na wapagazi wawili. Kila mmoja hubeba kilo 45. Mmoja akijikwaa, mwenzake ataweza kuendelea ikiwa tu anaweza kubeba 90 peke yake. Sasa tuseme nguvu za kila mmoja ni kilo 90 kamili, na tajiri akaongeza mzigo hata ukafika kilo 120. Wapagazi watatembea vizuri, kila mmoja na kilo 60, wala hapana atakayeshuku lolote. Lakini akiba imekwisha zamani! Siku mmoja akianguka, wa pili ataangukiwa na 120, naye ataanguka pia. Hivyo ndivyo pawa saplai mbili zinavyoweza kufa pamoja, na mashine za kupoza hewa vivyo hivyo. Kila seva mpya inapoongezwa chumbani, yapasa hesabu hiyo ifanywe upya.

Kuhusu ubaridi, Nairobi imejaliwa. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya usiku ni baridi. Wataalamu hupendekeza kwamba hewa iingiayo katika seva iwe baina ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na siku nyingi Nairobi hewa ya nje imo humo bila ya kugharimu kitu. Mhandisi mwerevu aweza kuitumia baada ya kuichuja vumbi. Mombasa na Unguja hazina bahati hiyo, maana hewa yao ni ya moto na unyevu, tena ina chumvi ilayo chuma. Lakini mahali popote pale, jambo moja ni la kukumbukwa: mara nyingi betri huzilisha seva peke yake, hazizilishi mashine za kupoza. Umeme ukikatika na jenereta ikichelewa, seva huendelea kufanya kazi na kutoa joto katika chumba ambacho hakipozwi tena. Mtu wa namna hiyo ana chakula tele, lakini amezibwa pua.

Sasa nakuja kwenye kosa kubwa kuliko yote, nalo ni lile la kuwa na viwili ambavyo kwa kweli ni kimoja. Nalijua kosa hili kwa kuwa nililifanya mwenyewe. Katika shule moja niliyofundisha, tulipewa seva kuukuu yenye pawa saplai mbili, nami nikakabidhiwa kuitunza. Nilizichomeka zote mbili kwa uangalifu, nikaona kwamba nimefanya kazi ya kitaalamu. Ila nilizichomeka katika ekstensheni moja, nayo ekstensheni ilikuwa katika soketi moja ukutani. Siku soketi ile ilipoungua, mikono yote miwili ilikatika kwa pigo moja, na diski iliyokuwa na alama za wanafunzi ikaharibika. Walimu wenzangu walikesha wiki nzima wakiziandika upya kutoka katika madaftari yao. Hawakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Wakubwa nao hukosa kama wadogo. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40 nchini Uingereza, jambo ambalo halikuwahi kupimwa huko tangu zamani. Hospitali za Guy's na St Thomas' za London zilikuwa na vituo viwili vya data, kila kimoja kikiwa akiba ya mwenzake. Mitambo ya kupoza ya vyote viwili ikashindwa siku ile ile. Madaktari hawakuweza kuyaona maandishi ya wagonjwa, wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na ilichukua wiki kadhaa kurudisha mambo yote mahali pake. Vituo vilikuwa viwili kwelikweli, lakini vyote viwili vililiogopa jua moja.

Na usiku ule niliousimulia hapo mwanzo? Kampuni ya umeme ilisema kwamba gridi ilipoteza ghafula umeme wa mitambo ya upepo ya Turkana. Wenye mitambo wakajibu kwamba ni gridi iliyowalazimu kuzima. Sisi hatutaamua ugomvi huo. Lakini katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, mahali penye jenereta za akiba, jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, na wasafiri wakaachwa gizani. Waziri wa Uchukuzi aliomba radhi mbele ya umma, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Mwezi wa Novemba, na tena Desemba mwaka ule ule, nchi ilizimika tena. Jenereta iliyonunuliwa lakini haijajaribiwa ni kama ndoo ya maji ya kuzimia moto ambayo hakuna aliyechungulia kama ina maji. Ndiyo maana katika kituo cha data kinachoendeshwa vyema, mafundi huukata umeme wenyewe kwa makusudi, katika siku waliyoichagua, ili waone kama mkono wa pili unashika. Heri kuaibika siku uliyoichagua kuliko siku iliyokuchagua.

Nilisema kwamba nitazimaliza habari za mtoto yule. Mama alifika zahanati akiwa na fedha mkononi. Muuguzi alikuwapo, dawa ilikuwapo, na mashine ya kumvutisha mtoto dawa ilikuwapo pia. Lakini mashine ile hutumia umeme. Jenereta ya zahanati ilikuwapo nyuma ya nyumba, haina mafuta. Ikawalazimu kupanda pikipiki tena, kwenda hospitali ya mbali zaidi, ambako taa zilikuwa zikiwaka. Mtoto alivutishwa dawa, akalala, na asubuhi wakarudi nyumbani. Leo yu darasa la pili, naye hupiga kelele nyingi kuliko wenzake.

Tulishukuru, na bado nashukuru. Lakini nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Usiku ule shilingi zilikuwa na mikono miwili, mitatu, hata minne ya kuzishika: betri, jenereta, waya wa pili, feni ya ziada. Pumzi ya mtoto ilikuwa na mmoja tu, nao uliponyoka. Sisemi kwamba daftari la fedha lisilindwe. Lisingelindwa, mama asingepata hata nauli. Nasema kwamba elimu ya kulilinda tunayo, iko papa hapa mjini, na hujaribiwa kila siku. Haikuletwa na malaika. Ni hesabu ya gunia na wapagazi, ni nyaya mbili zisizopita katika soketi moja, ni tangi linalochunguliwa kila Jumatatu.

Mkono wa pili una adui mmoja wa kudumu, naye ni mwenye kuhesabu fedha. Mwaka mzima huutazama haufanyi kazi, akauliza, "Huu wa nini?" Mafuta ya jenereta huibwa au kuuzwa kwa sababu hiyo, betri zilizochakaa huachwa kwa sababu hiyo, mabwawa matano hujengwa katika mto mmoja kwa sababu hiyo. Wapo miongoni mwenu, vijana, watakaokuwa wahandisi, na wapo watakaokuwa wakuu wa zahanati, wa shule, hata wa wizara, wenye kutia sahihi karatasi za matumizi. Siku mtakapoletewa karatasi inayoomba fedha za chombo cha pili, hali cha kwanza bado ni kizima, msiiweke kando kwa haraka. Waulizeni waliowaletea maswali matatu: Je, chombo hiki kinategemea kitu kile kile kinachotegemewa na cha kwanza? Je, kinaweza kubeba mzigo wote peke yake? Na je, kilijaribiwa lini? Wakiwajibu vizuri, tieni sahihi.